Daktari Aliyetuita kwa Meno Yetu

Daktari wa meno hakuita watu kwa majina. Alitoka mlangoni na koti lake jeupe, akayaangalia mabenchi yetu mawili kama mtu anayehesabu mbuzi wake jioni, kisha akasema, "Gego la chini kushoto, ingia." Mwenye gego la chini kushoto alijijua, akainuka huku ameshika shavu. "Jipu la fizi, wewe ngoja kwanza. Jino la mbele lililopigwa ngumi, njoo, na safari hii usinidanganye kwamba ulianguka na baiskeli." Benchi zima likacheka. Hata wenye maumivu walicheka, kwa upande mmoja wa mdomo. Mimi pia nilikuwa nikicheka, mpaka siku alipomtazama binti yangu Minza, aliyekuwa na miaka minane, akasema, "Meno ya Chai, ingia na mama yako."

Tangu siku ile simpendi. Nimejaribu kumkumbuka kwa wema, maana wapo watu wengi Shinyanga wanaomkumbuka hivyo, na nitawapa haki yao, lakini kila nikianza naishia nimekunja ngumi. Bora niseme mapema. Minza alipobadilisha meno, meno mapya yaliota ya kahawia, yenye madoa na mistari, mengine yameparuka kama ukuta wa udongo ulionyeshewa mvua. Kwa miaka minne daktari huyu alituambia ni uchafu. Mtoto hapigi mswaki, alisema, na akisema anapiga ni mwongo. Haukuwa uchafu. Yalikuwa maji ya kisima. Na yeye alijua.

Alikotoka sijui, wala sikuuliza. Kiswahili chake kilikuwa cha watu wa mbali na huku, kimenyooka, na Kisukuma chake kilikuwa cha maneno kumi. Hayo kumi aliwatunzia bibi vizee. Akiingia bibi, sauti ilibadilika. "Mwangaluka, mayu," alimsalimu, yaani umeamkaje, mama, akamshika kiwiko, akamketisha kwenye kile kiti cha chuma kama anamketisha harusini. Kabla ya kumgusa alimwonyesha koleo, akamwachia alishike mwenyewe na kulipima uzito, ili asije akalishtukia mdomoni. Mama yangu mzazi aling'olewa gego kwake na akaapa hakusikia kitu. Njia nzima kurudi kijijini alikuwa akitema damu kwenye kitambaa na kusema, "Wabeja, wabeja," yaani ahsante, kana kwamba daktari yumo humo humo ndani ya basi. Mpaka anaingia kaburini hakukubali kusikia neno baya juu ya mtu yule. Jambo hilo nalo liliniudhi.

Mkono wake ulikuwa mwepesi kweli. Mashine yake ya kutobolea ilikuwa ya kukanyaga kwa mguu, kama cherehani, na chumba kilinuka mafuta ya karafuu mpaka kwenye mapazia. Dawa ya ganzi ilipoadimika hakuficha. "Ganzi hakuna tangu Jumatatu. Unangoja, au tunang'oa hivi hivi?" Mtu mzima akipiga kelele, alimwambia, "Lia baadaye. Sasa fungua." Mtoto akilia alimwacha alie, akasimama pembeni akitazama nje dirishani mpaka mtoto achoke. Sijawahi kumwona akimkemea mtoto anayelia. Aliwakemea wasiolia. Minza hakulia, na nadhani hicho ndicho alichokiona kuwa kiburi.

Nimsifu kwa mambo mawili zaidi, kisha nimalize kumsifu.

La kwanza. Siku zile dhahabu ya Bulyanhulu ilikuwa bado ya kila mwenye sururu, na kijana akipata kwenye duara lake, yaani shimo lake, alikuja mjini kununua suruali, redio na jino. Alikuja mmoja nikiwa benchini, shati jipya bado lina mikunjo ya dukani, punje zake amezifunga kwenye karatasi ya nailoni. Alitaka jino la mbele ling'olewe awekwe la dhahabu.

"Jino hili linaumwa?" daktari alimwuliza mbele yetu sote.

"Haliumwi, daktari. Ni la urembo."

"Kwa hiyo nimng'oe mzima nimweke mgeni."

"Ndiyo, mzee, nitakulipa vizuri."

"Nenda kwa sonara, akutengenezee kikuku uvae mguuni. Mimi natibu wagonjwa. Gego la juu, ingia!"

La pili. Palikuwa na imani, na sijui kama imekwisha, kwamba mtoto mchanga akiharisha na kuchemka ana meno ya plastiki, yale meupe yanayoonekana chini ya fizi kabla hayajaota, na dawa yake ni kuyachokoa. Wapo waliofanya kazi hiyo kwa spoku ya baiskeli. Mama mmoja kutoka upande wa Samuye alimletea daktari kichanga chake ayachokoe kitaalamu. Daktari alimchukua mtoto mikononi, akatoka naye mbio na glavu zake, akavuka uwanja wa hospitali hadi wodi ya watoto, mama anamkimbilia nyuma akilia kwamba ameporwa mwana. Aliporudi alimwambia kwa sauti tuliyoisikia sote, "Mwanao anakufa kwa kukosa maji mwilini. Meno yake hayana kosa. Aliyekwambia yana kosa amekudanganya, na ukimwamini tena utazika." Mtoto akapona.

Kwa hiyo alikuwa anajua kumwambia mama ukweli. Hili ndilo lisilonitoka moyoni. Mdomo wake ulikuwa unaweza.

Mimi nilikuwa mtu wa kutembea. Nilimaliza kidato cha nne nikapata kazi ya ukarani, nikaiacha baada ya miezi saba kwa sababu dirisha la ofisi lilitazama stendi. Niliuza mitumba Geita, mchele Kahama, na dhahabu ilipowaka nikafungua mgahawa wa mahema Bulyanhulu, ugali na maharage, dagaa kwa wasio na kitu. Bado nazikumbuka asubuhi zile, moshi wa kuni juu ya mahema mia mbili, watu wa makabila yote wakisalimiana kwa Kiswahili cha kila aina, redio kumi zinaimba nyimbo kumi. Sijakaa mahali nikapapenda kama pale, na hata nilipokuwa pale nilikuwa tayari nawaza pa kwenda baadaye. Minza nilimwacha kwa mama yangu, kijiji kidogo ng'ambo ya Samuye, kwenye kisima cha pampu ambacho wote tulikionea fahari, kwa kuwa kabla yake tulichota bwawani pamoja na ng'ombe.

Daktari aliijua habari hiyo, maana aliuliza kila kitu.

"Mama Minza, wewe unaishi wapi?"

"Bulyanhulu, daktari."

"Na mtoto?"

"Kwa bibi yake."

"Aha." Akainamisha kichwa cha Minza kwenye mwanga, akalipiga jino na kichuma chake, ti, ti, ti. "Bibi ana miaka sitini na kitu, hana meno mwenyewe, ndiye umemwachia mswaki. Wewe unazurura na wachimbaji. Sasa unashangaa nini?"

"Bibi anasema anapiga kila siku."

"Minza, unapiga mswaki?"

"Napiga."

"Mara ngapi?"

"Asubuhi na jioni."

Akaniangalia mimi, si yeye. "Unaona? Mtoto mdogo hivi, na uongo keshaujua. Mswaki ni kitu gani, Mama Minza? Hata kijiti tu. Nendeni, mrudi baada ya miezi sita, na mje na meno masafi."

Nilitoka pale uso unaniwaka. Katika maisha yangu nimeitwa mengi na yamepita, lakini lile la kuzurura lilinikaa kwa sababu nilikuwa nimeshajiambia mwenyewe. Nilikwenda moja kwa moja kijijini kugombana na mama yangu. Aliniapia kwamba mtoto anapiga. Akaniambia nitazame vinywa vya watoto wa jirani, wengi wako hivyo hivyo. Nikamjibu kwamba ndiyo, kwa sababu hapa hakuna hata mmoja anayejua usafi. Nilimwambia mama yangu hivyo, mwanamke aliyenifulia sare ya shule kila siku ya Mungu. Nikamfungia Minza nguo zake kwenye kanga, nikamchukua.

Tulihamia Segese, ambako nilipata chumba na banda la kupikia karibu na soko. Na huko nilianza kumsafisha. Kila jioni, baada ya wateja, nilimkalisha kwenye kigoda, kichwa chake magotini mwangu, nikamsugua meno. Nilianza na dawa ya dukani. Haikutoa kitu. Nikaja kwenye mkaa uliotwangwa, kisha majivu, kisha majivu na mchanga laini. Nilisugua mpaka fizi zikatoka damu. Akifunga mdomo nilimpiga kofi. Akisema, "Mama, nimeshapiga asubuhi," nilimwambia, "Mwongo wewe, daktari kaniambia." Kuna jioni moja nilimpiga na mwiko, si kwa sababu ya meno, bali kwa sababu ya neno lile "nimeshapiga". Madoa hayakutoka. Alichoacha ni kucheka. Alijifunza kucheka amefunga mdomo, kwa pua, mkono mbele, na shuleni wakampa jina ambalo hajaniambia mpaka leo.

Na kila miezi sita tulirudi Shinyanga, naye alitoka mlangoni, akasema, "Meno ya Chai bado?" na benchi likacheka.

Sasa niseme habari ya chupa. Daktari huyu alikuwa na zamu ya kukagua shule za vijijini, na kila alikokwenda alibeba chupa yake ya chai iliyojaa maji. Hakunywa maji ya mtu. Ukimkaribisha kijijini, atakula michembe yako ya viazi vikavu, atakula kuku wako, maji atakunywa yake. Hata msibani alikuja na chupa. Watu wetu walilielewa jambo hilo kwa namna yao. Walisema daktari anaogopa kulishwa kitu, kwamba huko kwao ana maadui, au kwamba ameambiwa na mganga asipokee maji kwa mkono wa mgeni. Hakuna aliyemchukia kwa hilo. Kina mama walimwekea bilauri safi, tupu, amimine yake, na walijivunia kujua desturi za msomi. Mimi mwenyewe nilimwoshea bilauri hiyo kijijini kwa mama yangu, miaka ya mwanzo, kabla sijamchukua Minza, alipokuja kukagua shule, nikamwekea mezani juu ya kitambaa kilichofumwa. Akanishukuru, akamimina, akanywa, Minza amesimama mlangoni na kikombe chake cha bati kilichojaa maji ya kisima.

Hayo yote yalilala kichwani mwangu bila maana. Aliyeyaamsha ni mteja. Minza alikuwa na miaka kumi na miwili, ananisaidia kugawa sahani bandani, akaingia kijana mgeni wa kutoka chini ya Mlima Meru, aliyekuja kutafuta kibarua cha uchimbaji. Alicheka kwa jambo fulani, nikaona meno yake. Yalikuwa ya Minza. Kahawia ile ile, mistari ile ile. Naye alikuwa anamtazama Minza.

"Huyu dada ni wa kwetu?"

"Wa hapa hapa," nikamwambia. "Kwa nini?"

"Meno. Kwetu karibu wote tuko hivi. Ni maji, mama. Yana madini. Mtoto akiyanywa akiwa mdogo, meno yanaota yakiwa yameshapikwa."

"Na mswaki?"

Akacheka tena, mdomo wazi, bila haya yoyote. "Mama, ungesugua mpaka ufike kwenye shingo. Daktari yeyote wa meno anajua hilo. Hilo ndilo la kwanza wanalofundishwa."

Nikasimama na upawa mkononi. Ndipo nilipoiona ile chupa ya chai, ile bilauri, na ule mlango aliosimama mwanangu. Minza alikuwa amesikia kila neno. Aliweka sahani mezani, akaenda nyuma ya banda, na alipotoka huko akaendelea kugawa sahani.

Siku ya tatu nilifunga banda nikaenda Shinyanga. Daktari alikuwa amestaafu, amehama, na aliyekaa kiti chake ni kijana aliyeita watu kwa majina. Nilimtafuta miaka miwili. Kila basi nililopanda niliuliza. Nilikuwa na jambo moja tu la kumtaka. Sikutaka kulipwa, wala sikutaka kumshitaki. Nilitaka amwangalie Minza usoni amwambie, kwa mdomo wake ule ule, kwamba hakuwa mwongo. Niliamini kwamba neno likitoka kwake ndilo litakalomfungua binti yangu mdomo.

Nilimpata karibu na Kahama. Alikuwa amejenga nyumba ya vyumba vitatu, na kando yake kibanda cha kung'olea meno chenye benchi moja. Minza alikuwa amemaliza darasa la saba. Nilimwambia tunakwenda kwa yule daktari, akasema, "Sawa," akavaa viatu.

Tulimkuta barazani amevaa kaptula, anakata kucha. Juu ya bati lake mfereji ulikusanya maji ya mvua na kuyamwaga kwenye tangi kubwa kuliko jiko lake.

"Shikamoo, daktari," nikasema, maana mkubwa ni mkubwa.

"Marahaba. Mama Minza! Na huyu ni..." Akamwangalia Minza, na niliona jina lile likimfikia ulimini na akalimeza. "Amekua. Haya binti, fungua nione."

"Hapana," Minza akasema.

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia hapana kwa neno lile. Akaweka wembe chini.

"Daktari," nikasema, "ulijua kwamba ni maji."

Hakuuliza maji gani. "Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Mtu aliyesoma meno hawezi kulikosea lile."

"Na chupa yako?"

"Nilikuwa na watoto wadogo. Kwangu tulikunywa ya mvua tu, na mimi nikazoea."

"Sisi hatukuwa na watoto?"

"Mama Minza, kaa."

"Sikai."

"Basi sikiliza umesimama. Yule mwenye kichanga, ulikuwepo benchini, nilikuwa na cha kumwambia: mpeleke wodini. Wewe ningekwambia nini? Kisima kile kilikuwa kimoja. Kabla yake mlikuwa mnanywa na ng'ombe, na watoto walikufa kwa kuhara. Ningesema kisima kina sumu ya meno, mngerudi bwawani. Na mtu akishaambiwa ni maji, mswaki anautupa. Wenye meno mazuri nao wangeutupa. Nikaona bora niwaambie wote mswaki. Hauna madhara."

"Hauna madhara," nikarudia. "Bati la nyumba ya mama yangu lilikuwepo. Ungesema mtoto mmoja anyweshwe ya mvua, tungeweka sufuria chini ya bati. Sufuria tu, daktari! Ungeninong'oneza."

"Meno yake yalikuwa yameshaota."

"Ya watoto wengine wa pale kijijini yalikuwa hayajaota! Na huyu ungemwacha na meno yake bila kumwita mwongo mbele ya watu!"

Alitazama mikono yake, ile mikono myepesi. Sikumhurumia wakati ule na simhurumii ninapoandika haya.

"Mwambie," nikasema. "Ndicho nilichokuja kuchukua."

Alisimama, na nakiri alisimama vizuri, kama alivyowasimamia bibi vizee. "Binti," akasema, "ulikuwa unapiga mswaki. Ulisema kweli kila mara. Mimi ndiye niliyesema uongo. Nisamehe."

Nikamgeukia Minza. Nilitegemea sijui nini, kilio, au kicheko chenye meno. Alikuwa anamtazama daktari kwa adabu, kama mtu anayengoja mwenzake amalize kuzungumza.

"Nilijua kwamba nasema kweli," akamjibu. "Ahsante."

Kisha akanishika mkono tukaondoka. Tulipofika njiani nikamwuliza, kwa hasira, ndiyo, hata yeye nilimwuliza kwa hasira, "Ni hilo tu? Mtu amekuharibia utoto unamwambia ahsante?"

"Mama," Minza akasema, "yule nilikuwa namwona mara mbili kwa mwaka. Alikuwa anasema tu, halafu tunakwenda zetu." Alikuwa anaongea taratibu, bila kufunika mdomo, na mimi ndiye niliyeshindwa kuutazama. "Jioni nilikuwa na wewe."

Tulitembea mpaka barabara kuu. Nilikuwa nimebeba hasira yangu miaka miwili nikitafuta wa kumpa, na nilipompa ikabaki nusu, na ile nusu nilijua ni ya nani. Tukiwa tunasubiri gari la Segese nilimwambia anisamehe. Nilisema kwa Kiswahili, kisha nikasema tena kwa Kisukuma, maana kwa Kisukuma ndiko nilikokuwa nikimwita mwongo.

"Nimesikia, mayu," akasema.

Gari lilikuja limejaa. Alipenya mbele yangu, akapata viti viwili nyuma kabisa, akakaa kimoja na kingine akakiwekea mkono. Mwanamume mmoja akataka kukikalia.

"Kina mwenyewe," nikamsikia Minza anamwambia. "Anakuja."